Lugha Aliyokuja Nayo Molly

Rebeccah alimpokea mjukuu wake siku moja na jeneza la binti yake. Molly alikuwa na miaka saba, amevaa koti zito la manjano ambalo hakutaka kulivua hata jua lilipowaka. Walipofika nyumbani Kimulot, huko Kenya, alisimama mlangoni akawatazama watu waliojaa uani kana kwamba wote walikuwa wamekosea nyumba.

Mama yake, Rodah, alikuwa amekwenda Wales kufanya kazi ya uuguzi, akajifungulia huko, na baba wa mtoto hakukaa. Mji wenyewe uliitwa Caernarfon. Majirani walijua Uingereza. Wales ilibidi Rebeccah awaeleze, na yeye mwenyewe alijua machache tu aliyoambiwa kwa simu. Kwamba ni nchi ya milima, kondoo na mvua. Kwamba ina bunge lake huko Cardiff, na kwamba watu wa upande aliokaa Rodah wana lugha yao ambayo si Kiingereza, nao wameing'ang'ania. "Hata vibao vya barabarani, Mama," Rodah aliwahi kusema akicheka, "lugha yao iko juu, Kizungu kiko chini." Rebeccah naye alicheka. Hakufikiria kwamba lugha hiyo ingekuja kukaa nyumbani kwake.

Ilikuja. Kiingereza Molly alikijua, na mjomba wake Kiplimo, dereva wa lori la majani ya chai, ndiye aliyeongea naye kwa hicho. Lakini akiwa peke yake, akicheza na paka au akimfuata nyanya yake katikati ya michai, kilichomtoka kilikuwa kitu kingine kabisa, maneno yaliyokwaruza kooni halafu yakapanda na kushuka kama wimbo. Shule aliyotoka ilimfundisha kila kitu kwa Kiwelshi: hesabu, nyimbo, hata sala. Wanawake waliokuwa wakichuma chai shamba la pili waliacha kazi wakasikiliza. Mmoja akamwambia Rebeccah ampeleke mtoto akaombewe. Rebeccah aliligeuza neno hilo kuwa mzaha, ila halikumtoka moyoni.

Kilichomuuma zaidi ni simu. Kila Jumapili baada ya kanisa, bibi mmoja aitwaye Eluned alipiga kwenye simu ya Kiplimo. Alikuwa jirani ya Rodah, mjane. Ndiye aliyebaki na Molly mama yake alipokuwa zamu ya usiku, na ugonjwa ulipomlemea Rodah, mtoto alihamia kwake. Molly aliishika simu kwa mikono miwili, akaongea haraka haraka, akacheka. Kwa nyanya yake hakuwahi kucheka hivyo.

"Huyo anamwita nani? Nain, Nain, ndiyo nini?" Rebeccah aliuliza siku moja.

Kiplimo akamuuliza mtoto, kisha akamgeukia mama yake. "Ni nyanya, Mama. Kwa lugha yao."

"Na mimi ni nani?"

Kiplimo akaanza kutafuta funguo za lori.

Jumapili iliyofuata Rebeccah alimwambia aifungie ile namba. "Mwache huyo mama apumzike kidogo. Mtoto hatazoea hapa kama kila wiki anavutwa kule."

"Si vizuri, Mama. Amemlea."

"Na Rodah nilimzaa mimi," Rebeccah akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Molly aliulizia simu Jumapili ya kwanza, akaulizia na ya pili. Baada ya hapo hakuuliza tena. Alilivua koti lake akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na Rebeccah akachukulia kwamba mtoto ameanza kutulia. Kipsigis, lugha ya pale, alikidaka upesi kwa kucheza na watoto wa majirani, akaanza kumwita nyanya yake "kogo" kama wao. Mara moja tu, mwezi wa tatu ulipoanza, aliomba jani la kitunguu abandike kifuani kwenda shule, kwa kuwa siku hiyo kule Wales ni ya mtakatifu wao Daudi na watoto wote huvaa hivyo, au huvaa ua la manjano. Rebeccah alimkatia vitunguu majani bustanini, akavibana kwa pini. Jioni mtoto alirudi bila hata jani moja. Wenzake walikuwa wamevila.

Shule hiyo ilikuwa ya binafsi, pale senta penye maduka, na wazazi waliipenda kwa sababu ya Kiingereza chake. Muhula wa pili ikatangaza kwamba atakayesikika akiongea lugha ya nyumbani atavishwa diski, kipande cha ubao chenye kamba, na atakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea, ampe. Atakayekuwa nacho jioni ataosha vyoo. Rebeccah alisikia habari hiyo kanisani, asiitilie maanani. Mtoto wake Kizungu hakikuwa shida.

Siku hizo Molly alianza kuchelewa kurudi. Rebeccah alidhani anacheza njiani. Kisha jioni moja, akimvua sweta iliyoloa mvua, mkono wake ukagusa kamba. Ubao ulikuwa chini ya shati, umemchubua kifuani.

"Nani amekuvisha hiki?"

"Mwalimu," Molly akasema kwa Kipsigis chake cha kubahatisha. "Nilikuwa naimba. Akasema hiyo si Kizungu."

"Umekaa nacho tangu lini?"

Molly aliinua mabega. Kiplimo alikuwa ameingia, na kwake mtoto akahamia Kiingereza ili aseme yote. Mwalimu wake wa kule Wales, alisema, aliwahi kuwaonyesha picha ya kitu kama hicho. Zamani za mababu wa kina Nain, mtoto aliyesikika akiongea Kiwelshi darasani alivishwa kibao chenye herufi mbili, W na N, yaani Kiwelshi hapana, na aliyebaki nacho mwisho wa siku alichapwa. "Mwalimu alituambia hiyo iliisha," Molly akasema. "Mjomba, mbona imekuja Kenya?"

Kiplimo alianza kucheka, lakini kicheko kilimgeuka. Akamfasiria mama yake huku ameangalia pembeni.

"Muulize kwa nini hakumpa mtu mwingine," Rebeccah akasema. "Si wote wanaongea Kipsigis wakicheza?"

Swali hilo Molly alilielewa mwenyewe. "Nilimsikia Chepngeno wa darasa letu," akajibu. "Lakini alikuwa anamwita dada yake tu."

Rebeccah aliketi kwenye kigoda. Shuleni kwao, kwa kosa hilohilo, yeye alivishwa mfupa wa ng'ombe, na harufu yake aliikumbuka mpaka leo. Lakini si mfupa uliomsumbua jioni ile. Shule ilimkataza mtoto lugha yake mchana; nani aliyemnyamazisha Jumapili?

Asubuhi alimshika Molly mkono wakaenda kwa mwalimu mkuu, Bwana Ooko. Huyo alikuwa Mjaluo aliyezaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, akakulia hukohuko. Aliwapokea vizuri, akamvutia Rebeccah kiti.

"Kogo, mimi mwenyewe nilivaa diski," alisema. "Nilichapwa kwa sababu ya Kijaluo, na leo nakaa kwenye ofisi hii. Wazazi wa hapa wanataka Kizungu. Nikikubali kila mtoto aongee ya kwao, mwakani sina shule."

"Huyu Kizungu anacho."

"Basi akitumie. Hicho anachoongea ni lugha ya nani?"

Rebeccah alitaka kusema ni ya Rodah, lakini haikuwa ya Rodah. Haikuwa ya ukoo wake, wala ya kabila lolote alilolijua. "Ni yake," akasema mwishowe. "Ndiyo aliyokuja nayo."

"Huo ndio ugumu wenyewe," Bwana Ooko akasema kwa upole. "Hapa hakuna anayeijua. Hata akitutukana hatutajua."

"Hatukani. Anaimba."

Mwalimu mkuu alitazama dirishani, akasema sheria ni ya wote. Rebeccah akauweka ubao juu ya meza. Hakuwa na maneno makubwa ya kusema. Alimwambia tu kwamba mtoto hatarudi, akashukuru kwa kiti, wakatoka.

Jumapili hiyo alimwomba Kiplimo afungue namba ya Eluned na kupiga. Simu iliwekwa mezani, sauti imefunguliwa. Eluned aliposikia jina la Molly alilia kwanza, na Molly akangoja amalize. Kisha akawa mkalimani kati ya bibi zake wawili.

"Anauliza kama ninakula."

"Mwambie unakula."

"Anauliza kama ninalala vizuri." Molly alijibu mwenyewe hilo, bila kumfasiria nyanya yake alichojibu. Eluned akaongea kwa muda. "Kogo, anasema kitanda changu hajakitoa. Chumba kiko vilevile."

Rebeccah aliisogeza simu karibu. "Muulize anataka nini."

Molly aliitazama simu, akamtazama na yeye. "Sitaki kumuuliza hivyo."

"Kwa nini?"

"Mkimaliza nyinyi mtaniuliza mimi nataka kukaa wapi."

Kiplimo aliinuka akaenda kusimama nje. Rebeccah aliinamia simu kana kwamba kuinama kungemfanya aeleweke. "Basi mwambie mimi ni Rebeccah, mama ya Rodah. Mwambie namba yake nilifunga mimi, si wewe, wala si mjomba. Nilifanya vibaya."

Molly aliyasema hayo polepole. Upande wa pili yakaja maneno machache.

"Anasema hata yeye angefanya hivyo."

Hakuna aliyemwuliza Molly, siku ile wala baadaye. Alibaki Kimulot. Aliingia shule ya serikali kule bondeni, darasa limejaa hadi mlangoni, na mwalimu wa watoto wadogo aliwafundisha kwa Kipsigis. Alipata marafiki, akanenepa, na Eluned akapiga kila Jumapili.

Karibu na Krismasi, Rebeccah aliketi karibu akisikiliza Molly akimsimulia Eluned habari za ndama wao aliyetumbukia mtaroni. Katikati mtoto akakwama. Akalitafuta neno la ndama, akalikosa, akalisema kwa Kipsigis. Eluned hakuelewa. Walihangaika mpaka bibi wa kule akatambua, akamfundisha upya: *llo*. Hutamkwa kwa kupuliza hewa kando ya ulimi, na miezi ile ya mwanzo Molly alikuwa akiitoa sauti hiyo siku nzima bila kufikiri. Sasa alisema "lo" tu. Eluned akarudia. Molly akarudia, akakosea vilevile, na Rebeccah, asiyejua lugha hiyo, alisikia kwamba amekosea.

Safari hii hakukuwa na mtu aliyemkataza.

Watoto walimwita kutoka nje. Molly alisema neno la kuaga, akamwachia nyanya yake simu mkononi, akakimbia. Eluned alikuwa bado kwenye laini.

"Molly?" akasema. "Molly?"

"Ametoka kucheza," Rebeccah akamwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kipsigis, akijua hakuna kati ya hizo itakayofika. Hakukata simu. Kule nako haikukatwa.