Kabati la Vikombe Kinuni

Mwaka huu nyumba ya likizo nimekodi mimi, ili Nerys, mdogo wangu, akome kujiona yeye ndiye binti pekee. Ni kinu cha zamani cha kusagia ngano huko Powys, kimekarabatiwa vizuri, na gurudumu lake bado linazungushwa na mto. Niliwangoja yeye na Mama mlangoni, kichwa kimenivimba kwa fahari.

"Dada, umejitahidi!" Nerys akasema. Akapita moja kwa moja jikoni, akafungua kabati la nyuma ya mlango, akatoa vikombe. Mimi nilivitafuta nusu saa nzima.

"Umejuaje viko huko?"

"Nimebahatisha tu."

Mama naye akainama kupita chini ya boriti bila hata kutazama juu. Boriti hiyo hiyo ilikuwa imeshanitoa nundu mara mbili.

Roho ikaniuma. Nikachukua kitabu cha wageni, maana Mama haondoki nyumba ya kukodi bila kuandika shukrani. Nikafunua Agosti ya mwaka jana. Mwandiko wake ulikuwepo:

"Asanteni sana. Huu ni mwaka wetu wa tatu, na hakuna aliyegombana."