Uso wa Gertie

Bega la Dolores Wojcik liligoma majira ya baridi. Daktari akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba mkono ule hautainuka tena juu ya kichwa. Wenzake wa kituo cha televisheni pale Cleveland wakamfariji kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maneno matamu hayo, ila koleo lenyewe likiwa bega lako, unamtazama msemaji kwa jicho baya.

Kwa mkono ule alikuwa amemlea Gertie, bata bukini wa kitambaa, kikaragosi cha kuvaliwa mkononi, mwenye shingo ndefu na mdomo usio na breki, ambaye watoto wa mji mzima walimtazama kila asubuhi kabla ya basi la shule. Waliokuwa watoto enzi hizo sasa wana vipara, na wakimwona Gertie kwenye gwaride la Krismasi bado wanampungia mkono. Dolores hawampungii. Hawamjui.

Ned Haskell, mwongozaji wa kipindi, alimwachia Dolores uamuzi: ama Gertie apewe mchezeshaji mwingine, ama astaafishwe, akae kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Moyoni Dolores alikuwa ameshachagua kabati. Hata hivyo alikubali kumjaribu Marlene Pruitt, binti aliyetoka Toledo, ili watu wasije wakasema hakujaribu. Alikuwa na wivu, na wivu hauna dawa ya kupaka.

Marlene akajikunja nyuma ya ukuta mfupi wa mbao, mkono juu, macho kwenye televisheni ndogo iliyowekwa sakafuni, maana wachezeshaji hawamtazami kikaragosi; hutazama picha yake. Akaiga sauti ya Dolores barabara, hata na kikohozi chake. Mafundi wa kamera wakainamia viatu vyao. Kila mtu alimsikia Dolores, hakuna aliyemsikia Gertie.

"Acha kuniiga," Dolores alisema. "Mimi niko hapa, sijafa."

"Sasa nifanyeje, Bi Dolores?"

"Sijui. Mwache aseme mwenyewe."

Kisha ile shingo ikapinda taratibu, Gertie akachungulia juu ya ukuta, akamkazia macho bibi aliyekaa kwenye kiti cha kukunja. Sauti ilikuwa nyembamba kidogo kuliko ile ya zamani.

"Na huyu mama mwenye kofia ya sufu ni nani? Mbona kanuna hivyo?"

Fundi mmoja akabana kicheko. Dolores alijua la kufanya: aangalie picha kwenye ile televisheni, amwambie Marlene ashushe kiwiko, shingo inyooke. Badala yake akamjibu bata.

"Sijanuna. Bega linaniuma."

"Pole. Kwani ulibeba nini?"

"Si nilikubeba wewe, mjinga wewe."

Hapo ndipo alipong'amua alichofanya. Aliyeizeekea kazi hii hasemezani na kitambaa. Hayo ni ya watoto. Uso ukamwaka kwa aibu, lakini macho hayakubanduka. Miaka yote alikuwa chini ya mdomo ule, akiona kwapa la Gertie na kijipicha cha sakafuni. Hakuwahi hata siku moja kukaa mbele yake, wakatazamana. Gertie alikuwa mzuri. Dolores hakujua kama alikuwa mzuri kiasi kile, na alilia waziwazi, mafundi wakimwona.

Gertie akangoja amalize.

"Kesho utakuja?"

"Nije kufanya nini? Mkono hauinuki."

"Sijauliza habari za mkono."

Dolores akapangusa pua kwa kiganja, akamwambia Haskell kwamba Gertie hastaafu. Kisha akaburuta kiti chake mpaka karibu na ule ukuta, pale wanapokalishwa watoto wanaokuja kumtazama Gertie siku za Jumamosi, akaketi.