Nakala ya Hukumu

Mzee Fanueli alikaa kwenye dirisha la masjala ya Mahakama Kuu, Iringa, kwa miaka thelathini na mmoja, na tangu astaafu hakuna waliomsikiliza kwa makini kama Kidato cha Tatu B mchana ule wa Ijumaa. Aliyemwalika ni Mwalimu Apolonia, mwalimu wa Uraia. Ubaoni alikuwa amechora ngazi za mahakama: ya Mwanzo chini, ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi sambamba, kisha Mahakama Kuu, na juu kabisa Mahakama ya Rufani.

"Hapa juu wanaketi majaji watatu, mara nyingine zaidi," mzee alisema. "Wakishasema, wamesema."

"Babu, na wakichemka wote watatu?" Lusekelo aliuliza kutoka dawati la nyuma.

"Unaomba mapitio, halafu wanakueleza kwa nini uliyechemka ni wewe."

Darasa likaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alikuwa anasoma sentensi iliyoandikwa chini ya mchoro: *Taarifa ya rufani hupelekwa ndani ya siku 30 baada ya kupata nakala ya hukumu.*

"Nani kawafundisha hivi?"

"Madamu!" waliitika kwa pamoja, kwa furaha isiyofichika.

Mzee alichukua kifutio, akafuta maneno manne ya mwisho, akaandika juu ya vumbi la chaki: *hukumu kutolewa.*

"Watu wengi wanaangukia hapa. Wanangoja nakala. Rufani yenyewe, na makabrasha yake, inahitaji nakala. Taarifa haihitaji. Ni karatasi moja ya kusema sijaridhika, nakwenda juu. Nakala waiombe kwa barua ndani ya siku hizohizo, lakini wasiingoje."

Apolonia alikuwa amesimama karibu na dirisha. Hukumu ya shamba la marehemu baba yake kule Ruaha Mbuyuni ilisomwa tarehe 14 Mei. Ekari nne za vitunguu, pamoja na nyumba anamoishi mama yake, zilikwenda kwa baba mdogo. Wakili hakuwa naye. Msimamizi wa mirathi alikuwa yeye mwenyewe. Kila Jumatatu kaka yake, Dastan, alipita masjala, kisha akampigia simu: nakala bado, dada, tulia. Naye akatulia, kwa sababu ndivyo alivyoamini, na ndivyo alivyofundisha.

Alijaribu kuhesabu siku kichwani. Akapoteza hesabu mara mbili.

"Mzee," alisema, "tuandike taarifa moja, wanafunzi waione. Wewe soma fomu, mimi najaza."

Mzee Fanueli aliisema fomu bila kuangalia popote, kama mtu anayesali. Apolonia akaandika. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Iringa. Namba ya shauri. Jina la mrufani. Jina la mjibu rufani. Hukumu ya Mahakama Kuu ya tarehe 14 Mei. Yote, si sehemu. Chaki ilikatika, akaendelea na kipande.

"Lusekelo, mtu huyu amechelewa?" mzee aliuliza.

Kijana alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Siku ya hukumu tunaihesabu, Babu?"

"Hapana. Anza kesho yake."

"Mei zinakuwa kumi na saba. Juni…" Macho yake yalikwenda kwenye tarehe iliyoandikwa pembeni mwa ubao asubuhi, halafu kwenye jina la mrufani. "Ya thelathini ni leo. Madamu, huyu si wewe?"

Hakuna aliyecheka.

"Ni mimi," alisema Apolonia. "Na nilichowafundisha wiki iliyopita hakikuwa sahihi. Rekebisheni kwenye madaftari yenu."

Mzee Fanueli alitazama saa yake. Saa nane na dakika ishirini na mbili.

"Dirisha linafungwa saa tisa na nusu. Nilikuwa nalifunga mwenyewe, mwanangu, na sikuwahi kumsubiri mtu. Aliyekaa pale sasa nimemfundisha mimi. Darasa niachie."

Kompyuta ya ofisi ya walimu ilichukua dakika tisa kuwaka. Alipiga chapa taarifa na barua ya kuomba nakala, akaisoma tarehe mara tatu, akasahau jina la mjibu rufani, akaanza upya ukurasa wa kwanza. Printa ilimeza karatasi moja, ikatoa ya pili. Alipopanda bodaboda ilikuwa saa tisa na dakika nne. Kwenye mteremko lori la mbao lilikuwa limeziba njia, na dereva wake alikuwa nje anazungumza na simu. Apolonia alishuka akatembea, kisha akakimbia, viatu vya kufundishia mkononi, mbele ya watu waliomjua.

Kwenye dirisha la masjala, karani alikuwa ameshika kitasa cha kioo. Saa ya ukutani nyuma yake ilisema saa tisa na dakika ishirini na saba. Karani alimtambua Apolonia kwa sura. Alifanana na yule kaka wa kila Jumatatu.

"Pole, dada. Nakala ya hukumu bado haijatoka. Jaribu wiki ijayo."

"Najua haijatoka," alisema Apolonia, akisukuma karatasi zake chini ya kioo. "Sikuja kuifuata."

Karani alisoma mstari wa juu. Akaiangalia saa, akamwangalia yeye na miguu yake isiyo na viatu. Kisha akavuta mhuri.