Moshi wa Muhsina

Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya kazi Muscat, kabla ya kwenda ofisini kwake Al Khuwair, Thani aliifinya pakiti yake ya sigara, akaitumbukiza kwenye pipa la taka nje ya nyumba yao, mtaa wa Ansab, kisha akarudi ndani kumwambia mkewe kuwa khalas, ameacha. Muhsina alikuwa akimimina chai. Alifungua kinywa aseme alhamdulillahi, moshi ukamtoka.

Ulikuwa moshi mwembamba, wenye harufu ya sigara zile zile alizokuwa akivuta Thani tangu ujana wake. Muhsina hakuwahi kuvuta maishani mwake. Alikohoa, akaupunga kwa mkono, akamaliza kumimina chai.

Tangu hapo, kila Thani aliposhikwa na hamu ya sigara akajizuia, Muhsina alitoa moshi, popote alipokuwa. Ulimtoka dukani akiuliza bei ya samaki. Ulimtoka mwisho wa sala, akitoa salamu. Jioni, Thani alipokuwa amekwama kwenye msongamano wa magari, ulimtoka mfululizo, hata akaacha kuanika nguo wakati huo, maana zilishika harufu.

Bi Ghaliya, mama yake Thani, alikuja kuwatembelea, akakaa mbali kidogo na mkwewe.

"Nnafurahi, wallahi," alisema kwa Kiunguja chake ambacho Muscat haikukibadilisha. "Babake sigara ilimshinda mpaka ikamuua. Mvumilie mwenzio, mwanangu. Na ukisema nami, geukia kule, macho yananiwasha."

Muhsina akageukia kule.

Kikohozi kilipozidi, Thani alimpeleka hospitali, akangoja nje. Daktari Maram aliitazama picha ya mapafu, akasema ni mapafu ya mtu aliyevuta miaka mingi.

"Mumeo kaacha lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Basi ndiyo hiyo. Yeye mwenyewe anaendeleaje?"

"Mzima. Ofisini siku hizi anapanda ngazi kwa miguu."

"Mpe hongera," alisema daktari, akaandika dawa ya kikohozi.

Njiani kurudi, Muhsina hakuweza kumaliza sentensi. Alimshika mumewe mkono uliokuwa kwenye usukani.

"Thani. Moja tu. Nipumue."

Thani aliingia kwenye kituo cha mafuta, akanunua pakiti, akaliegesha gari pembeni na kushuka. Alipovuta mara ya kwanza, Muhsina alisikia kifua kikimfunguka. Hewa iliingia mpaka chini, safi, bila ya kukwaruza. Alivuta pumzi nyingine, na nyingine, machozi yakimtoka. Aliteremsha kioo.

"Usiitupe," alisema. "Ivute mpaka mwisho, nakuomba."

Thani aliitazama ile sigara.

"Nikirudi nyuma leo sitoweza tena. Naijua nafsi yangu. Unajua tabu niliyoipata?"

"Naijua. Si ndiyo ninayoikohoa?"

"Nnaogopa, Muhsina. Nnaogopa nisije nikamfuata baba."

"Na mimi je?"

Thani alisimama kwenye jua na kanzu yake nyeupe, akiwa amefumba macho, midomo ikimchezacheza. Kisha akaidondosha sigara, akaisaga kwa kiatu. Alipofungua mlango wa gari, moshi ulikuwa umejaa ndani hata mkewe haonekani. Aliacha milango wazi, wakangoja utoke, ndipo akaweza kuiona njia.

Mwaka ulipokaribia kwisha, idara ya kina Thani ilifanya hafla ya wafanyakazi na familia zao. Thani aliombwa azungumze juu ya nguvu za nia na kujenga tabia njema. Alisema vizuri. Alisema mtu aanze na jambo dogo, alirudie kila siku, na hamu ikimjia anywe maji na kuingoja ipite. Upande wa wanawake, Muhsina alikuwa amewekewa kiti karibu na dirisha. Thani alipofika kwenye kisa cha kuisaga sigara kwa kiatu, ukumbi ulipiga makofi, na Muhsina akatoa moshi mzito wa kijivu. Jirani yake alimpepea kwa mkoba.

"Kila kitu ni nia," alimalizia Thani. "Nani yuko tayari kuanza kesho?"

Osama wa mapokezi alinyanyua mkono. Akafuata Hatem, halafu mudiri mwenyewe, Humam, mkubwa wa idara, na wengine nyuma yao, wakitabasamu.

Upande wa pili, wake zao waliangaliana. Kisha, mmoja mmoja, bila ya kelele, wakaanza kusogeza viti vyao karibu na dirisha. Muhsina alijibana ukutani kuwapa nafasi.