Nguo ya Bunduki

Kila asubuhi, kabla ya kushona chochote, fundi cherehani wa kituo cha askari wa wanyamapori aliitia mashine yake mafuta, akaifuta, kisha akazungusha gurudumu bila uzi ili aisikie inavyoimba. Asubuhi hiyo gurudumu lilikuwa bado linazunguka kivuli kilipoziba mlango. Alikuwa mtunza ghala la silaha, mzee ambaye watu walisema hata nyumba yake ikiwaka moto hatatoka ghalani.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Wameokota bunduki."

Akalisimamisha gurudumu, akamfuata. Juzi majangili walikuwa wameishambulia doria, askari wakatawanyika porini. Wote walikuwa wamesharudi, isipokuwa mumewe.

Ghalani walimkuta mkuu wa kituo amesimama kando ya redio ya mawasiliano. Pembeni, mkono ukining'inia kwenye bendeji, alikuwa Kicheko, aliyekuwa akifanya doria na mumewe tangu walipoajiriwa. Leo hata jino lake halikuonekana. Mezani ililazwa bunduki iliyojaa matope, ubavu mmoja juu, namba yake imekwanguliwa.

"Imeokotwa mtoni," mkuu alisema. "Majangili wanazo bunduki za wizi za vituo vingi. Kama hii ni ya mumeo, basi alikimbilia mtoni, na huko ndiko tutakakomtafuta. Kama si yake, watu waende milimani, alikoonekana mara ya mwisho. Sina watu wa kutosha pande zote mbili, dada yangu. Na mvua ndiyo hiyo. Ikinyesha, nyayo zimekwisha."

"Kwani mzee hawezi kuitambua?" fundi aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi.

Mtunza ghala akainamisha kichwa. "Za wengine nazijua kama nyuso za wanangu. Huyu kaiburuza kwenye mwamba, yule kaiangusha. Ya mumeo naijua kwa nguo tu."

Nguo hiyo aliishona yeye mwenyewe, ya turubai laini, ikakaza mbao zote za bunduki kuanzia kitako mpaka mbele. Kituo kizima kilicheka. "Shemeji," Kicheko alikuwa akimtania, "bunduki haiendi kuposwa! Ya nini kuivisha?" Hata mtunza ghala alimwambia kwamba mkwaruzo wa mbao hauipotezi risasi njia; yeye hukagua mtutu na kufuli, basi. Fundi hakukubali. Mbao nzuri vile, inayong'aa kama kioo, mtu aiache ichakae? Wake wengine waliwaaga waume zao kwa maneno marefu. Yeye, mwenye haya, neno lake lilikuwa hilo hilo: "Usiikwaruze."

Sasa aliisogelea meza. Akafuta matope kwa ncha ya kanga. Mahali pa kushikia, vanishi ilikuwa imekwisha kabisa; mbao imepauka, ina makovu juu ya makovu. Hii ilishikwa uchi kwa miaka.

"Si yake!" Akacheka na kulia kwa pamoja. "Jamani, si yake! Ya mume wangu haina hata alama."

Mfa maji haachi kutapatapa. Aliliona tumaini, akalikumbatia kwa mikono miwili. Mkuu akashika redio, akaamuru watu wote wapande milimani. Fundi akamgeukia Kicheko apate mtu wa kufurahi naye. Kicheko alikuwa anaangalia sakafu.

"Shemeji, mbona huniangalii?"

Kicheko akageuza uso.

"Wewe! Nakuuliza."

"Aliniapisha nisikwambie." Kicheko alisema. "Alisema utaumia. Ile nguo, shemeji, ikiloa jasho inateleza. Mtu unaweza kufa kwa kuteleza kule. Tukishapita geti alikuwa anaivua, anaikunja mfukoni. Tukikaribia kurudi, anaivisha."

"Uongo."

Kwa mkono wake mzima Kicheko akaigeuza bunduki ubavu wa pili. Kwenye kitako, upande wa kulia, palikuwa na doa jeupe, laini, lililosuguliwa na shavu la mtu. Kituo kizima kilikuwa na mtu mmoja tu anayelenga kwa mkono wa kushoto: mumewe.

Fundi akaligusa lile doa. Kisha akapiga ukelele. "Warudishe! Mkuu, warudishe, waende mtoni!"

Mkuu alikuwa ameshaikamata redio. Aliita. Ilikoroma tu. Watu walikuwa wameingia bondeni, ambako sauti haifiki. Akaita tena, na tena, jasho likimtiririka, huku bati la paa likianza kudondokewa na matone.

"Nisamehe," Kicheko alisema. "Ningesema mapema. Niliona nikisema ni yake, ni kama namzika."

"Mimi ndiye niliyemvisha hiyo takataka!"

"Hakuichukia, shemeji. Hata juzi alikuigiza, 'usiikwaruze, usiikwaruze,' tukacheka. Alisema, 'Mke wangu anaipenda bunduki hii kuliko mimi.'"

Redio ikakohoa. Sauti ya mbali ikaitika, na mkuu akaanza kupiga kelele: mtoni, geukeni, mtoni! Mvua ikamwagika juu ya bati.

Fundi alimshika Kicheko shati, kifuani, akamvuta kana kwamba yeye ndiye mumewe.

"Bunduki? Bunduki ya nini mimi?" alisema, na kwa mara ya kwanza watu wa kituo kile wakaisikia sauti yake yote. "Nilikuwa naogopa! Kila siku naogopa, naona haya kusema. Nilikuwa namwambia asife."