Msiba wa Marehemu Tano

Nimeshona kwenye kiwanda hiki cha nguo hapa Kihonda miaka kumi na moja na sijasahau kitu. Nakumbuka paa lilivyovuja juu ya mashine ya saba, wasichana wakaambiwa wavae mifuko ya plastiki kichwani. Nakumbuka mwaka ule ufunguo wa choo ulipokaa mfukoni mwa msimamizi, tukawa tunauomba kama watoto wa chekechea. Nakumbuka nani alisema nini, siku gani, na alivaa shati gani. Sheria ya kazi nimejisomea mwenyewe, kwenye kitabu nilichokiokoa Mwembesongo kwa mama mmoja wa vitumbua aliyekuwa akikichana kufungia wateja. Kurasa thelathini za mwanzo zilishakwenda na mafuta. Kwa hiyo haki zangu nazijua kuanzia ukurasa wa thelathini na moja, na hizo zinatosha kumkosesha bosi yeyote usingizi.

Mtu kama mimi akiitwa kupewa tathmini ya mwaka, haendi hivi hivi. Siku hiyo nilivaa gauni la Idi.

Erick, meneja wetu mpya, kijana aliyekulia Dar na kusomea mbali, aliniamkia vizuri, akanikalisha kwenye ofisi yake ya vioo, akanisukumia karatasi. Alama ya chini ni moja, ya juu ni tano. Miaka yote mimi ni tano. Safari hii palikuwa na mbili. Chini yake, penye sababu, kwa mwandiko wake wa kupendeza, ameandika: Ana kumbukumbu ndefu.

Nikamuuliza kama hilo ni kosa. Akasema si kosa, ila linafanya mazingira ya kazi yawe magumu. Kisha akanieleza utaratibu. Mwenye mbili haruhusiwi kufundisha wapya, kwa hiyo Jumatatu ningehamia meza ya vifungo, na wasichana wangu sita wangepewa mtu mwingine. Niweke saini kabla ya saa kumi.

Meza ya vifungo sina ugomvi nayo. Lakini wale sita niliwapokea hawajui hata kutunga uzi kwenye sindano, na mmoja wao, Zuhura, ndiyo kwanza wiki hii ameacha kufumba macho mashine ikianza kunguruma. Kuniondoa kwao ni kunikata mikono yote miwili.

Nilitoka mle ndani nimeshapanga hotuba ya dakika arobaini, yenye tarehe. Nikafika meza ya kukatia vitambaa, kwa Tomasi. Nikafungua mdomo nianze na lile paa, kikatoka kicheko. Nikajaribu tena, kikatoka kirefu zaidi. Nikaishia kumpa karatasi tu.

Tomasi ni Mnyamwezi wa Sikonge, mimi Mluguru wa Kinole, kwa hiyo ni mtani wangu. Ana ruhusa ya kunitukana na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Nikifiwa, yeye ndiye anayekuja kunizuia nisilie. Atavaa nguo za marehemu, ataligombania kaburi alale yeye, atashika kitu cha mtu na kukikatalia mpaka kikombolewe.

Aliisoma karatasi taratibu, kalamu yake ikiwa sikioni kama kawaida.

"Pili amepata mbili," alisema. "Sasa mtani, hapo pa kushangaa ni wapi? Mama yako alikupa alama zako siku ile ulipozaliwa. Bosi amenakili tu."

Halafu akailaza karatasi mezani, akaipima mapigo, akaitegea sikio, akatutangazia kwamba Tano hatunaye tena.

Ilipofika saa ya kula, msiba ulikuwa umesimama. Tomasi alikuwa amemfunika marehemu kwa khanga. Maimuna, fundi wa kola, alianzisha kilio chembamba ambacho kila kikipanda kilikatika kwa kwikwi za kucheka. Watu arobaini wakaacha sahani zao wakaja kuzunguka meza. Tomasi akasoma wasifu: marehemu aliishi na Pili miaka kumi, hakuwa mlevi, hakuugua, alitoka nyumbani asubuhi akiwa mzima, akafia kwenye chumba cha vioo. Mimi kama mfiwa nilikaa chini, nimeng'ata pindo la mtandio, mabega yanatikisika, machozi yananitoka kwa raha.

Erick akatukuta hivyo. Akaona watu wamezunguka meza, khanga, na mimi pale chini. Akavua kofia yake ya kampuni, akaishika kifuani, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki.

"Ni wa kwake Pili," Tomasi alimjibu, na hakudanganya.

Erick alichuchumaa, akanishika mkono, akanipa pole, akaniuliza kama tulikuwa karibu. Nikamwambia miaka kumi, na hakuwahi kuniacha. Nikaficha uso haraka.

Maimuna, ambaye hajui kuuacha msiba upite bila hotuba, akamwomba bosi aseme neno kwa niaba ya kampuni. Na nani anasimama mbele ya wafiwa akasema baya? Kijana akasimama, akakohoa.

"Bi Pili ni mama wa kiwanda hiki," alisema. "Nilipofika hapa sikujua hata swichi ya taa iko wapi, ni yeye aliyenionyesha. Hakuna fundi humu ambaye hakupita mikononi mwake. Na anakumbuka kila kitu. Bila yeye tusingejua tulikotoka."

Watu wakaitikia. Ndipo Erick alipouliza mazishi ni lini, na Tomasi akafunua khanga.

Erick akaisoma karatasi kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Masikio yakamwiva. Mimi nilikuwa tayari, ukurasa wa thelathini na moja uko mdomoni. Lakini Tomasi alishaichukua ile kofia, ameivaa upande, na sasa alikuwa akimweleza kwa upole kwamba kilichoshikwa na mtani hukombolewa, na kwamba kofia hii inakombolewa kwa kalamu. Akaichomoa sikioni, akampa.

Erick alitutazama wote. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aje, akacheka, kicheko cha mtoto, mpaka akaegemea meza.

Alisema mbili haiwezi kurukia tano, makao makuu wangeuliza. Ila anayefundisha anatakiwa kuwa na tatu tu. Akaikaza ile mbili, akaivutia tumbo chini, ikawa tatu iliyopinda kidogo, akatia saini pembeni yake. Alipotaka kufuta na maneno ya kumbukumbu, nikamzuia.

"Hayo yaache," nilisema. "Ni kweli."

Nikaweka saini saa nane na dakika kumi. Penye maoni ya mfanyakazi niliandika hotuba yake yote, neno kwa neno, na nyuma ya karatasi majina ya mashahidi arobaini. Tomasi akarudisha kofia, akatangaza kwamba marehemu ameacha mtoto wa kike anayeitwa Tatu, na kwamba nimekabidhiwa nimlee mpaka afikishe tano.

Nitamlea. Na shati la Erick siku ile lilikuwa la bluu, lenye mistari, kifungo cha pili hakipo.