Usafi wa Tarehe Thelathini Februari

Fundi wa jengo lile alijulikana kwa wapangaji wote kama Kesho, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila ombi. Kila miezi mitatu alitakiwa ashuke chumba cha chini, atoe tope kwenye tangi kubwa la maji ya moto, akague vifaa vyake, kisha atie sahihi kwenye kadi iliyoning'inia ukutani.

Kadi ilikuwa imejaa vizuri sana. Tangi lenyewe halikuwa limeguswa kwa miaka sita. Kila Desemba Kesho alikaa kitako na kalamu tatu za rangi mbalimbali, akaandika tarehe za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, akaenda zake kulala usingizi wa pono.

Mambo yalimwendea mrama mama mkwe wake alipohamia ghorofa ya kwanza. Mama huyo alikuwa muuguzi mkuu mstaafu, wa aina ile ambayo hata madaktari walizima sigara wakisikia viatu vyake. Siku ya tatu akapiga simu.

"Baba, maji yangu ya kuogea yana rangi ya chai na yananuka mayai viza."

"Shikamoo mama. Nitayaangalia ke..."

"Nashuka sasa hivi."

Akashuka. Akavaa miwani, akaisoma kadi kuanzia juu hadi chini, taratibu, kama faili la mgonjwa asiyeeleweka anaumwa nini.

"Naona hapa ulisafisha tarehe thelathini Februari."

"Mwaka ule ulikuwa mrefu, mama."

Jibu lilimponyoka kabla hajalipima. Mama mkwe hakucheka. Alifudikiza ndoo, akaikalia, akasema, "Fungua."

Kesho akazima umeme, akafunga maji yanayoingia, na ikabidi wasubiri tangi lipoe. Ilichukua saa mbili na nusu. Katika muda huo alihojiwa kuhusu meno yake, sala zake na sababu ya kitambi chake. Hatimaye akafungua koki ya chini. Kimya. Akachokonoa kwa waya, na hapo tope jekundu likafyatuka, likamwogesha kuanzia kifuani hadi soksi.

"Endelea," alisema mama mkwe, akisogeza ndoo yake nyuma kidogo.

Akaendelea. Akachomoa ile fimbo ya madini inayowekwa ndani ili kutu iile yenyewe na kuliacha tangi. Kilichotoka ni waya mtupu.

"Imebaki mifupa," mama akasema. "Na hicho kidude cha juu?"

"Valvu ya usalama. Joto likizidi, inafunguka." Kesho alivuta mkono wa valvu hiyo. Haukusogea. Akavuta kwa mikono miwili. Ulikuwa umeganda kwa chokaa.

"Na isipofunguka?"

Kesho alijifuta uso. "Tangi linaweza kupasuka, mama."

"Chumba changu si kiko hapa juu?"

"Ndiyo."

"Mwanao alilala kwangu Jumamosi."

Akilini alimwona binti yake wa miaka minne amejikunja kitandani kwa bibi yake, na chini yao tangi hili, na kalamu zake tatu. Hakusema kesho. Alitoka na tope lake hivyo hivyo hadi duka la vifaa, watu wakimpisha njiani, akarudi na valvu mpya na fimbo mpya. Mpaka saa kumi na moja jioni maji yalikuwa yanatoka meupe. Mama mkwe akainuka, akapanda kwenda kuoga bila kusema asante.

Nyumbani mkewe alimuuliza ametumbukia shimo gani. Kesho akamsimulia yote, tangu mwaka wa kwanza, bila kujipunguzia kitu. Kwenye Februari mkewe alicheka hadi akashika ukuta. Walipofika kwenye Jumamosi aliacha kucheka, akaingia chumbani, na hakumsemesha kwa siku mbili. Kesho aliona amehurumiwa.